Vipepeo Vilinitangulia Kibua

Nilitoka Ngungu juu ya shida ya mudogo wangu Furaha. Siku ya tatu ya juma, magaribi, alinibipe: simu ililia mara moja, ikakatika. Kwetu rezo ya simu haishuke mu bonde, basi nikapanda kilima ya nyuma ya nyumba ya masomo na kumuita. Hakunisalimia. Mimi njo yaya yake, dada yake mukubwa, lakini alisema tu:

"Yaya, wanasema niko na karuho."

Karuho njo ile sumu yenye muntu anatia mu chakula ao mu kinywaji ya mwenzake. Kwetu mu Kivu, ukishaitwa hivyo, umekwisha. Hakuna atanunua ndizi yako, hakuna atakunywa maji yako, na siku moja vijana wataamuka na petroli.

"Nani anasema?" nikauliza.

"Mutumishi Bonane, wa kanisa ya mbao. Wajukuu wawili wa Mama Anyasi walikula kwangu, wakaharisha mupaka wakaanguka. Sasa vipepeo vinatoka mu lupango yangu kila asubuhi, na yeye anasema ni roho za watoto wenye nimekwisha kula. Siku ya Yenga, kabla ya ibada, nikuwe nimetoka Kibua."

"Vipepeo gani?"

"Vya kwetu, yaya. Vya mubagabaga."

Rezo ikakatika. Nikabaki pale juu nikitukana upepo.

Ninyi wa kwetu munaijua mubagabaga, lakini nitaisema juu ya wengine. Ni kamuti kenye urefu wa muntu. Maua yake ya manjano inasimama wima sawa mishumaa, na ku kichwa ya ua kunabaki vitumba vyeusi. Ukifikicha majani, inatoa harufu ya karanga ya kukaanga. Mbuzi haiikule. Juu ya ile wazee wetu waliipanda ku mipaka ya mashamba ikuwe lupango. Mama yetu alikuwa anachemsha majani yake machache na kutunywesha kama tumbo imefunga. Akizidisha kidogo, unashinda mu migomba siku muzima.

Na pale ku mubagabaga njo vipepeo vyeupe vinakuja kuzaa. Si ku maharagi, si ku mahindi. Mama-kipepeo, mwenye kuwa na rangi ya manjano kidogo kupita dume, anagusa jani changa na tumbo yake, anaacha yai moja, anaruka, anagusa jani ingine. Yai ni kadogo sawa punje ya ulezi, lakini ndefu na yenye ncha. Inatoka kiwavi, ule mududu mulefu wa kutambaa, ya kijani sawasawa na jani, na mustari ku mbavu. Mimi na Furaha, tukiwa watoto, tulikuwa tunavitia mu kopo ya nyanya pamoja na majani na kungoja. Kiwavi inakula, inavua ngozi, inakula tena, inavimba, halafu inajifunga ku kati na uzi mwembamba sawa muntu mwenye kubeba muzigo na kamba ku mugongo. Kisha inakuwa kitu kama jani lenye kujikunja. Unaweza kuiangalia siku mingi ukafikiri imekufa. Asubuhi moja inapasuka na kipepeo inatoka, mabawa imelowana. Mutoto yeyote wa Ngungu anajua ile. Bonane hajui, na ni yeye mwenye kipaza sauti.

Furaha njo wa mwisho kwa mama yetu. Wakati watu wenye bunduki walikuja kuchoma nyumba zetu, mimi nilikimbilia upande wa Sake, yeye na bwana yake wakapita upande wa pori. Bwana alifia njiani, yeye akafika Kibua na mikono mitupu. Mimi nilirudi Ngungu wakati ilitulia, nikakuta tajiri mumoja, Papa Telesifori, ameingiza ng'ombe zake mu shamba ya baba yetu. Aling'oa lupango yote, akapiga waya, akaita ferme, shamba yake ya mifugo. Ninamutaja jina. Watu wananiambia, "Mama Venansia, uchunge kinywa." Kinywa hii ilikula mizizi ya pori pamoja na udongo wake. Nitaichunga juu ya nini sasa?

Siku ya ine, asubuhi, nilifunga kitenge, nikabeba maharagi ya Furaha mu sashe ya plastiki, nikapanda moto, ile pikipiki ya kubeba watu. Fikiri yangu ilikuwa moja: nimuchukue, nirudi naye, basi. Sisi kukimbia tunajua.

Kutoka Ngungu kupanda kwenda Karuba, barabara ni barabara juu tu tumezoea kuiita hivyo. Kijana wa moto, Espwa, alikuwa anazima na kuwasha, na mimi nilikuwa nashuka na kusukuma. Ng'ombe za watu wakubwa zilikuwa zinatuangalia kutoka nyuma ya waya, zimeshiba.

Saa sita, jua ilipofungua, njo vilianza kupita. Kwanza kimoja, sawa karatasi yenye upepo umenyang'anya mwanafunzi. Halafu vingine. Halafu upande mzima wa kilima ukawa unatembea. Vilikuwa vyeupe, vingine vya manjano, vyote vinaelekea kule jua inaendaka kuangukia, upande wa pori, upande wa Walikale. Havikuruka ovyo sawa vipepeo vya ku maua. Vilienda mbio, chini-chini, sawa watu wenye kusikia kengele. Vikikuta nyumba, vinapita juu ya paa na kushuka tena. Wingu ikifunika jua, vinatua ku majani na kunyamaza. Jua ikirudi, safari inaendelea.

Espwa alifunga kioo ya kofia yake. "Mama, hivi vinaenda wapi?"

"Fasi majani yao iko. Vikizaana sana fasi moja, majani inakwisha, vinatafuta ingine."

Akacheka. "Kumbe viko sawa ninyi wadeplase, wenye kukimbia vita! Leo hapa, kesho kule."

"Simamisha moto."

"Mama, ni matope hapa."

"Simamisha, nikuambie."

Akasimamisha. Nikashuka, nikasimama mbele ya taa yake.

"Kipepeo, nani aliichomea nyumba? Sema. Nani aliingiza ng'ombe mu majani yake? Kipepeo inaondoka juu imemaliza kula. Mimi niliacha maharagi mu shamba imeiva, na muntu mwengine akaivuna. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama. Pole, mama. Nilikuwa nacheka tu."

"Basi cheka sasa."

Hakucheka tena mupaka Mushaki. Lakini pale alininunulia muhindi ya kuchoma bila kuniambia kitu, nikamusamehe. Ni mutoto tu. Neno ile hakuitunga yeye. Imetungwa na wakubwa ku mikutano, wenye kusema "watu wanahamahama" sawa hakuna muntu mwenye kuwahamisha.

Masisi-centre nililala kwa mama mumoja wa kanisa yetu. Siku ya tano tukaendelea kushuka kwenda Nyabiondo. Ku bariere moja, kizuizi ya barabarani, watu wenye bunduki, sitasema wa kundi gani maana kesho watakuwa wa kundi ingine, walifungua sashe yangu. Mumoja akachota maharagi mu kofia yake.

"Ni ya mudogo wangu," nikasema.

"Na mimi ni mudogo wako, mama," akajibu, na wenzake wakaanguka kicheko.

Nikamwambia: "Mudogo wangu hajawahi kuniibia." Espwa alinivuta mukono, akaniweka ku moto sawa muzigo, tukaondoka.

Nyabiondo kupita, hewa inabadilika. Milima inalala, ndizi inakuwa mirefu, michikichi inaanza, na pori inasogea barabara kutoka pande zote. Fasi moja daraja ilikuwa imekatika, Espwa akarudi. Nikavuka juu ya miti miwili na kuendelea na miguu pamoja na wamama wenye kubeba bidon za mafuta ya mawese. Ku kila dimbwi ya matope kulikuwa vipepeo vimekaa bega kwa bega, vinakunywa. Ni madume njo wanafanya ile; majike wanabaki ku maua. Ukikanyaga karibu, vinaruka vyote mara moja, unajikuta mu katikati ya weupe, halafu vinarudi chini ku matope.

Mama mumoja wa bidon akasema, "Hivi tuliviona mwaka jana. Mwaka kabla ya ule, hapana."

"Kabla ya ule hakukuwa mubagabaga huku," nikasema.

"Mubaga-nini?"

Nilikuwa nimeanza kuelewa. Mudogo wangu alikimbia na kamufuko ka mbegu ndani ya kitenge, sawa mwanamuke yeyote wa kwetu. Alipopewa shamba, alifanya vile baba alifanya: alipanda lupango. Na vipepeo, vyenye kila mwaka vilikuwa vinapita juu ya pori, vilisikia harufu na kushuka.

Tulilala Kashebere. Siku ya posho, yenye inatangulia Yenga, jua ikiwa bado kali, nikafika Kibua.

Sikuuliza nyumba. Niliona manjano kutoka mbali. Lupango ilizunguka shamba ya muhogo na nyumba ya udongo, karibu na barabara, fasi nzuri, tambarare sawa meza. Vipepeo vilikuwa vinaizunguka. Majani mingi ilikuwa imeliwa, imebaki vijiti vya kati tu. Ku vijiti vilining'inia vile vitu vya kijani, vingine tayari vyeupe ku mbavu, maana bawa inaonekana kabla haijatoka. Na ku mwisho moja, upande wa barabara, muntu alikuwa amekwisha kupiga panga.

Furaha alitoka. Alikuwa amekonda. Nyuma yake, ku mulango, niliona muzigo umefungwa na kamba.

"Yaya, umekuja kunichukua?"

"Ndiyo."

Aliingia ku kwisine, jikoni, akatoa bugari ya muhogo na sombe, majani yake ya kupika, akaonja mbele yangu vile iko desturi: mwenye nyumba anaonja kwanza, mugeni aone hakuna kitu mubaya. Mimi, damu yake! Nilimunyang'anya sahani, nikakula bila kungoja. Njo akalia.

Wakati alitulia, alinieleza. Wajukuu wa Mama Anyasi, Riziki na mudogo wake, walikuwa wanashinda pale. Mama Anyasi njo mwenye kumupa Furaha shamba. Ni mwanamuke wa pori, wa kulima na kutega samaki, mujane sawa sisi. Siku moja watoto walijaza kikapo na viwavi vya lupango wakamuletea: "Mama Furaha, tupikie." Watu wa pori wanakula viwavi. Kila musimu wanaviokota chini ya miti yao, ni chakula ya heshima, inapita nyama. Sisi wa milima hatukule. Furaha hakujua kiwavi gani inaliwa na gani hapana. Alifikiri: hawa ni watoto wa pori, wanajua. Na watoto walifikiri: ni lupango yake, anajua. Akatia chumvi na mawese, akawapikia vizuri. Magaribi tumbo ikafunguka.

"Na hukuwaambia watu?"

"Niliwaambia! Walinichekelea. Walisema tangu dunia iumbwe, kiwavi haijaumiza muntu Kibua. Na Bonane akachukua watoto, akawafungia mu chumba ya maombi mupaka wapone."

"Walipona na nini?"

"Na maji na chumvi na sukari, yenye Mama Anyasi alikuwa anapitisha ku dirisha."

"Na Bonane anatafuta nini?"

Alinyoosha kidole ku shamba yake, ile sawa meza. "Aliniomba hapa ajenge kanisa ya matofali. Nilikataa."

Basi nikajua. Papa Telesifori alitumia ng'ombe, huyu anatumia Mungu, lakini waya ni ile ile.

Siku ya Yenga, watu walianza kukusanyika mbele ya lupango kabla ya ibada. Shefu wa lokalite, mukubwa wa kijiji, alikuja na kiti yake. Mama Anyasi alikuja akishika mukono wa Riziki. Alisimama mbali, hakutuangalia. Bonane alifika wa mwisho. Ni kijana, suti ya bluu, viatu vimepakwa mafuta hata mu matope. Alikuwa na kipaza sauti ya batiri, hata kama tulikuwa karibu naye kiasi ya kusikia anapumua.

"Mama, wewe njo nani?" akaniuliza mu kile kipaza sauti.

"Mimi njo yaya wa muchawi."

Watu wengine walicheka. Shefu alikohoa.

Bonane akaonyesha vipepeo. "Wandugu, munaona na macho yenu. Vinatoka mu muti yenye haiko ya hapa. Yeye njo aliipanda. Roho zinatoka!"

Nikaenda ku lupango, nikavunja kijiti moja yenye kitu cha kuning'inia, nikamupelekea shefu mu mukono. "Shefu, kamata. Angalia ndani, iko nyeupe. Jua ikipata nguvu, itapasuka. Kama ni roho, iseme jina yake."

Shefu hakutaka kuikamata, lakini mbele ya watu angefanya nini? Alikaa nayo ku goti. Tukangoja. Bonane akaanza wimbo ili watu wasiangalie, lakini hata waimbaji wake walinyoosha shingo. Na kweli, kitu kilipasuka ku mugongo, kipepeo ikajivuta, ikashika suruali ya shefu na miguu yake, mabawa madogo yenye kukunjana. Polepole ikajaza mabawa. Ikaacha tone moja ya maji mekundu ku suruali.

"Imenikojolea," shefu akasema, na kicheko ya watu ilifika barabarani.

Bonane hakucheka. "Sawa. Ni mududu. Na watoto? Viwavi tunakula wote hapa. Juu ya nini vyake njo viliwapiga? Alitia dawa!"

Ile neno ilikuwa na nguvu. Hata mimi niliona macho yao kurudi kwa Furaha.

"Waulize watoto," nikasema. "Muliwafungia, mukawaombea, mukawanyoshea mikono. Nani aliwauliza?"

Shefu akamuita Riziki. Musichana akajificha mu kitenge ya bibi yake, halafu akasema haraka-haraka: "Sisi njo tuliokota. Vilikuwa vinono. Mama Furaha alituuliza kama vinaliwa, tukasema ndiyo."

Mama Anyasi akamugeuza amuangalie. "Mulivikamua?"

Riziki akaangalia vidole vya miguu yake.

"Riziki. Mulivikamua?"

"Hapana, bibi. Tulikuwa na njaa."

Mama Anyasi akapiga makofi mara moja, sawa muntu mwenye kuua mbu. Aligeukia watu. Alisema kiwavi, hata ya muti nzuri, inakamuliwa majani yote yenye iko ndani ya tumbo ao inalazwa na njaa, kisha njo inapikwa. "Walikula viwavi pamoja na majani! Lakini majani hii, mimi siijui. Inafanya nini?"

"Inafanya hivi," nikasema. "Leteni maji na sufuria. Ya kwako, Mama Anyasi, si ya mudogo wangu. Na moto ya kwako."

Niling'oa majani mbele ya wote. Mama alikuwa anatia machache. Mimi nilijaza mukono. Mama Anyasi akachemsha mwenyewe. Nikamimina mu vikombe viwili. Kimoja nikakunywa mupaka chini. Ni uchungu wa kukunja uso. Kingine nikamupa Bonane.

"Niko mu kufunga," akasema.

"Tangu lini?" mama mumoja akauliza kutoka nyuma. "Asubuhi ulikula chapati kwangu!"

Hata shefu alificha uso. Akaamua tungoje mupaka kesho. Kama mimi siharishe, Furaha atoke. Kama ninaharisha sawa watoto, neno limekwisha. Na nilale kwa Mama Anyasi, asipatikane muntu wa kusema niliongeza kitu. Sijawahi kusikia tribunali, korti ya namna ile, lakini ile ingine, ya ma-papiye, ya makaratasi, tangu niipelekee neno ya Papa Telesifori, haijanijibu hata leo.

Kukipambazuka, siku ya kwanza ya juma, majani ilinishika. Nilipita mbele ya nyumba ya Mama Anyasi mbio, kitenge mu mukono, nikarudi, nikapita tena. Yeye alikuwa anafagia. Mara ya tatu aliacha ufagio, akashika kiuno.

"Ile mbio njo ya watoto wangu!" akapiga kelele. "Ile ile! Riziki, kuja uone!"

Alicheka mupaka machozi, na mimi mu migomba nilikuwa namutukana na kucheka. Halafu akaleta maji na chumvi na sukari. Hakuonja. Alinipa tu, na mimi nikakunywa tu.

Kabla jua haijawaka sana, alivuka barabara, akaingia kwa Furaha na Riziki nyuma yake. Majirani walikuwa wamesimama ku milango. Furaha alikuwa anakoroga bugari. Aliinua mwiko aonje, vile desturi, na Mama Anyasi akamukamata mukono. "Acha," akasema. Akakata bugari na vidole, akachovya ku sombe, akakula. Akamukatia na mujukuu. "Imekosa pilipili," akasema kwa sauti kubwa, barabara yote isikie.

Shefu alikata neno: lupango ibaki, na musimu wa viwavi Furaha aite wamama, wafundishe watoto hii haiokotwe. Bonane, je? Aliambiwa aombe samahani. Alisimama mbele ya kanisa yake na kusema maombi yake njo ilivunja nguvu ya sumu, Mungu asifiwe. Watu wakajibu amina. Wale wale wenye walikuwa wanacheka! Mwenye alipiga panga ku lupango hakuulizwa. Mwenye alitaka kuleta petroli hakuulizwa. Furaha, mwenye hakufanya kitu, njo alipewa kazi ya kufanya. Naandika hii juu musifikiri Kibua kuna haki. Kuna Mama Anyasi. Haki ni kitu ingine.

Siku ya pili, asubuhi, nikamwambia Furaha: "Muzigo wako uko umefungwa. Twende."

Alikuwa amekaa ku lupango. Vipepeo vya mwisho vilikuwa vinapasha mabawa ku jua na kuondoka kimoja kimoja, upande ule ule wa pori, kwenda mbele zaidi. Hakuna hata kimoja kilirudi upande wa milima. Vyenye vilikuja vilikuwa vimekwisha kufa. Nilikuwa nimeviona chini, mabawa yamepasuka-pasuka. Hivi vilikuwa watoto wao, havijui Ngungu.

"Yaya, nitalima wapi kule?" akaniuliza.

"Tutatafuta."

"Wapi? Mu tumbo ya ng'ombe za Telesifori?"

Niling'oa kijiti chenye kuliwa na kukitupa.

"Siku ile nilikupigia," akasema, "nilitaka unichukue. Muzigo niliufunga mimi mwenyewe. Lakini jana Mama Anyasi alikula. Niende wapi tena? Nikianza fasi ingine, kutakuwa Bonane mwengine, na Mama Anyasi hatakuwako."

Nilikasirika. Nilimwambia iko kichwa ngumu sawa baba. Nilimwambia watamuzunguka tena, kesho kwa mbuzi yenye kufa, kesho-kutwa kwa mvua yenye kukosa. Alinisikiliza mupaka nikamaliza. Kisha aliingia mu nyumba na kufungua kamba ya muzigo, akatoa sufuria moja moja, na kuzipanga ku ukuta.

Kurudi nilirudi peke yangu. Kashebere, daraja yenye kukatika, Nyabiondo. Ku bariere walikuwa watu wengine, kofia zingine. Hawakupata kitu, sashe ilikuwa tupu. Mvua ilinishika Masisi-centre na barabara ikafunga, nikalala tena kwa ule mama wa kanisa. Sikuona kipepeo hata moja. Espwa alinikuta Mushaki, akauliza: "Mama, mudogo iko wapi?"

"Amebaki."

"Walimuacha?"

"Hawakumuacha. Amebaki."

Aliangalia uso yangu, akaona asiulize tena.

Ninyi wenye munasoma hii, mumeniuliza ku kikundi yetu nilijifunza nini. Nilijifunza kwamba kiwavi inabeba sumu ya jani mu tumbo bila kudhurika, na mwenye kuikula hovyo njo anadhurika. Nilijifunza kipepeo ile haichague nchi, inachagua jani moja tu. Nilijifunza pia Bonane na Telesifori hawajuane na wanafanya kazi moja, na majina yao mutayasoma hapa kila mara nitapata karatasi.

Lakini kitu kikubwa nilijifunza ni kidogo. Tangu bunduki ya kwanza, mu jamaa yetu kila muntu mwenye aliambiwa "toka" alitoka. Baba alitoka, mama alitoka na akafia njiani, mimi nilitoka mara nyingi hata sihesabu tena. Juma ile, Kibua, mudogo wangu aliambiwa "toka." Sasa hivi naandika, iko analima muhogo yake.